Dada yangu aligeuza ruzuku ya kaya maskini kuwa ng'ombe, na hapo ndipo alipoipoteza

Wakuu, salamu kwenu wote, wa mjini na wale ambao mpaka upande kichuguu ndiyo mtandao ushike.

Mimi humu ni msomaji tu. Nyuzi zenu za mapenzi nazisoma, nacheka, napita kimya. Leo naandika kwa sababu juzi nilikuwa Butiama kwa dada yangu, na nilichokiona huko siwezi kukaa nacho peke yangu.

Sitatia chumvi. Nisipojua nitasema sijui, na nilichoambiwa tu nitasema niliambiwa. Majina ya watu nimebadilisha yote. La ng'ombe nimeliacha kama lilivyo.

Mimi ni fundi wa kuchomelea, kijiwe changu kipo Nyasura, Bunda. Mageti, madirisha, vitanda vya chuma. Kwa hiyo mwandiko ukienda upogo mnivumilie.

Kwanza mjue tumetoka wapi, maana bila hapo hamtaelewa kosa lilikaa wapi.

Tumezaliwa Makoko, Musoma, ziwani kabisa. Baba alikuwa mvuvi, mama alikuwa anaanika dagaa. Kwetu mali ni wavu na mtumbwi, na injini kama Mungu amekukumbuka. Ng'ombe tulikuwa tunawaona wanakuja kunywa maji na kutukanyagia dagaa, tunawafukuza kwa mawe. Mtoto wa ziwani ukimpa ng'ombe atakuuliza huyu anakula chambo gani.

Dada Vero ndiye mkubwa. Mimi nimebebwa mgongoni kwake mpaka alipoanza kulalamika kwamba miguu yangu inaburuta chini.

Aliolewa Buswahili, kule Butiama, na kijana anaitwa Mwita aliyekuja Musoma kufanya kibarua cha kupakia samaki. Watu wa Buswahili ni wakulima na wafugaji. Mahari wakalipa kwa ng'ombe, wakawaswaga mpaka Makoko. Baba hakuwa hata na kamba ya kuwafungia. Hawakukaa sana, akawauza wote akanunua injini ya mtumbwi. Injini ile ikaja kuibiwa ziwani, na baba naye hakukaa sana baada ya hapo.

Hiyo injini ishikeni kichwani, nitairudia.

Mwita alikuwa mtu mzuri. Hakuwa mlevi na hakuwa na mkono mwepesi wa kupiga. Alianza kukohoa, wakasema kifua, halafu wakasema kitu kingine, akaisha taratibu mpaka suruali zikawa zinamvuka. Akamwachia dada watoto wawili. Ryoba, wa kiume, yuko shule ya msingi. Matinde, wa kike, alikuwa bado ananyonya.

Mji, yaani boma lao lote, ukabaki chini ya Magabe, kaka yake Mwita.

Najua hapa mnasubiri niseme Magabe ni shetani. Sio shetani, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Alimzika mdogo wake kwa heshima. Alimlimia dada shamba kwa plau lake bila kudai chochote. Yalipoletwa mambo ya kumrithi mjane, dada akasema hapana, na Magabe akasema basi, aachwe alee watoto wake. Huko sio wanaume wote wangesema basi.

Sasa tuje kwenye ruzuku.

Mkutano wa kijiji ulikaa, watu wakatajwa, dada akaingia kwenye mpango wa kaya maskini. Pesa inakuja kila baada ya muda, sharti mtoto wa shule asikose shule na mtoto mdogo asikose kliniki.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana humu kuna watu wakisikia maskini kapewa pesa wanaanza kuandika eti wanaenda kunywea.

Siku ya kwanza dada alipopokea alinipigia simu. Nikajua ataniambia kitu kikubwa. Akaniambia amenunua mche mzima wa sabuni. Maisha yake yote ya ujane alikuwa ananunua kipande, kile wanachokukatia dukani kwa kisu. Akawa anacheka peke yake kwenye simu. "Umelala hapa mezani, mdogo wangu, nauangalia tu."

Mimi nilicheka naye, halafu nilipokata simu nilishindwa kuendelea na kazi.

Pesa iliyofuata ilikuwa sare ya Ryoba na viatu. Ryoba akaacha kurudishwa nyumbani. Nyingine ikaenda kwenye godoro, maana walikuwa wanalala kwenye ngozi na magunia. Wakaanza kula mchana na jioni, badala ya jioni peke yake. Ukienda pale unaona tofauti kwenye ngozi za watoto, huhitaji kuambiwa.

Halafu akanunua kuku. Kuku wakazaa. Akauza kuku akanunua mbuzi jike. Mbuzi akazaa mapacha.

Mbuzi walikuwa wanalala jikoni kwake, karibu na mafiga. Nyumba nzima inanuka mbuzi, ukilala pale unaota unachunga. Ila ni mbuzi wake. Akitaka anauza, akitaka anachinja Krismasi. Aliuza mmoja akaweka bati kwenye upande wa nyumba uliokuwa unavuja. Magabe alikuwa anapita pale anamtania, "Mama Ryoba, wewe umeshakuwa tajiri, utatuoa." Wanacheka, anapita.

Hakuna hata mtu mmoja aliyeuliza wale mbuzi ni wa nani. Hapo pakumbukeni.

Tatizo lilikuwa Matinde.

Alipoachishwa ziwa hakunenepa. Shingo ndogo, tumbo kubwa, nywele rangi ya kutu. Dada alikuwa hakosi kliniki, kwanza kwa sababu ya sharti, baadaye kwa sababu ya hofu. Kwenye ile kadi mstari wa uzito ulikuwa unashuka kila akienda. Nesi akamwambia wazi kwamba uji wa mhogo peke yake unamuua huyu mtoto. Apate maziwa kila siku, sio siku ya pesa tu.

Maziwa ya kununua kila siku, kwa mjane wa Buswahili, ni ndoto. Ruzuku ikija yanapatikana, ikiisha mtoto anarudi kwenye uji.

Ndipo dada akapata wazo. Mbuzi wote awatoe, aongeze na ruzuku ya safari ile, anunue ng'ombe mtamba mwenye mimba. Akizaa, Matinde anakunywa, yanayobaki yanauzwa, Ryoba anaendelea na shule. Alinieleza kwa simu kama mtu aliyelikokotoa muda mrefu.

Mimi nikamwambia sister, hiyo ni plan. Nikaongeza kidogo nilichokuwa nacho, nikapanda pikipiki kutoka Bunda tukaenda naye mnadani.

Na Magabe alikuja. Yeye ndiye aliyemchagua yule ng'ombe. Sisi wawili tulikuwa tumesimama pale kama watalii, yeye anafunua midomo anaangalia meno, anapapasa tumbo, anabishana bei mpaka mwenye ng'ombe akatoa kofia akajipepea. Tukapata mtamba mwekundu, ana baka jeupe kwenye paji la uso, mpole, mimba imeshaonekana.

Njiani Magabe alikuwa na furaha kuliko dada. Aliniambia, "Shemeji, huyu ng'ombe ataleta baraka kwenye mji." Nikaitikia amina. Kweli niliitikia amina.

Ryoba akampa jina Ruzuku. Watoto wa jirani wakalidaka, mpaka wazee wakawa wanamwita hivyohivyo.

Sasa ng'ombe huwezi kumlaza jikoni. Na Mara mnaijua. Ng'ombe wa mjane aliyefungwa nje peke yake, wezi wanamchukua kabla jogoo hajaamka. Magabe akasema alale kwenye zizi lake, pamoja na wa kwake, pale kuna miiba na kuna vijana wa kulinda. Ni jambo la maana, hata mimi ningesema hivyo.

Halafu akasema apigwe alama ya ukoo. Kwa wale wasiojua, ni chuma kinachomwa kwenye moto wanamwekea ng'ombe kwenye paja, ili akiibiwa akaonekana mnadani ajulikane ni wa ukoo gani. Hilo nalo ni la maana.

Dada ndiye aliyeshika kamba wakati Ruzuku anachomwa. Ameniambia mwenyewe. Alikuwa anambembeleza asiruke.

Wakuu, mtu aliyezaliwa na kulelewa kule angeuliza swali kabla ya chuma kufika kwenye ngozi. Hata msichana mdogo wa kule angeuliza. Dada yangu ni mtoto wa mvuvi. Kwetu ukiandika jina lako kwenye mtumbwi wangu ili usiibiwe, mtumbwi bado ni wangu.

Ruzuku akazaa dume.

Wakati ule dada aliacha kunipigia, akawa ananitumia sauti za WhatsApp kwenye simu ya jirani. Moja haina maneno kabisa. Ni mlio tu wa maziwa yanagonga sufuria, chwii, chwii, na mwishoni Matinde anadai. Ninayo mpaka leo, sijaifuta.

Kliniki iliyofuata mstari ulipanda, na iliyofuata tena ukapanda. Nesi akamwonyesha kadi mama mwingine pale kwenye benchi kama mfano. Matinde akaanza kukimbia. Alikuwa mtoto wa kukaa tu ukutani anaangalia wenzake, akaanza kukimbia.

Hayo yalikuwa maisha mazuri ya dada yangu. Yalikuwa mafupi.

Samahani wakuu, nilikatika hapa, mteja alikuja kuchukua geti lake. Naendelea.

Kijana mkubwa wa Magabe alikuwa anataka kuoa. Uchumba ulikuwepo siku nyingi, sio siri. Wakwe watarajiwa ni wa kitongoji cha pili, mwendo wa kutembea.

Kwao, kabla ya mahari, upande wa binti wanatuma wazee waje kuangalia ng'ombe. Wanaingia zizini, wanazunguka, na aliyemkubali wanamnyooshea fimbo. Fimbo ikishanyooshwa, mwenye mji hawezi kusema huyo hapana. Akisema hivyo amewatukana, na uchumba unaweza kuvunjika palepale.

Siku wazee hao walipokuja, dada alikuwa jikoni anapika na wake wengine wa mji. Alisonga ugali, aliunga kuku wake mwenyewe kwa ajili ya wageni. Alikuwa na furaha, anasema alikuwa ameshaanza hata kuimba. Akatoka kupeleka maji ya kunawa, ndipo akaona wazee wako zizini, na fimbo imenyooka kwa Ruzuku.

Ng'ombe bora kwenye zizi lile ndiye huyo. Mwenye ndama, mpole, ana maziwa. Hata mimi ambaye sijui ng'ombe ningemnyooshea yeye.

Dada akasema kwa sauti, "Huyo sio wa mahari, huyo wa kwangu."

Mmoja wa wageni akamuuliza Magabe, "Huyu mama anasema nini?"

Magabe akajibu, "Wanawake wa huko ziwani wanachekeshaga hivyo. Mama Ryoba, weka maji tunawe."

Nilimuuliza dada, ulifanya nini? Akasema, "Niliweka maji."

Siku walipokuja kuwachukua ng'ombe wa mahari, Ruzuku alikataa kutoka bila ndama. Ikabidi ndama naye aende. Ryoba aliwafuata nyuma mpaka njia panda, akarudishwa.

Nikapigiwa simu. Nikafunga kijiwe, nikaondoka Bunda na hasira zangu zote. Mnajua watu wa Mara tunavyosemwa kwa ugomvi, na safari hii nilikuwa nataka kusemwa kwa haki. Nilikuwa na nondo kwenye pikipiki, nasema ukweli. Nilipofika dada aliichukua, akaitumia kuchochea moto. Akaniambia nikae.

Tukaomba kikao cha ukoo. Katekista wa kigango chao akaja pia, kwa heshima ya dada, maana hakosi jumuiya.

Nilitegemea wataona aibu. Hawakuona aibu hata kidogo, walitushangaa.

Mzee mmoja akamuuliza dada kwa upole kabisa. "Mama Ryoba, kuku zako, kuna mtu alikuulizaga?"

"Hapana."

"Mbuzi, ulizolaza huko jikoni? Ukiuza, kuna mtu alikuulizaga unauza kwa nini?"

"Hapana."

"Basi. Hizo ni za mama, hatuna shida nazo. Ng'ombe ni kitu kingine. Ng'ombe imelala kwenye zizi ya mji, ina alama ya mji. Hata Mwita angekuwepo, ingekuwa ya mji."

Dada akasema, "Nimemnunua na pesa ya watoto. Pesa ya Matinde."

Hapo Magabe akaongea. Hakupaza sauti.

"Na hao watoto ni wa nani? Wa mdogo wangu. Mimi nalinda zizi, mvua na baridi, mnafikiri nalindaga ya kwangu peke yangu? Kesho Ryoba atataka kuoa. Ataenda kuomba ng'ombe kwa wajomba zake kule kwenye maji? Si zitatoka kwenye zizi hii hii? Mimi sijaiba. Mimi nimemuozesha mtoto wa mji."

Wakuu, nilikuwa nimejiandaa kwa mwizi. Kwa mtu anayeamini kabisa anachosema sikuwa nimejiandaa. Kile kikao kizima kilitikisa kichwa kukubaliana naye. Katekista akasema tuombe amani idumu katika familia. Tukaomba.

Nikatoka hapo nikaenda ofisini kwa wanaosimamia mpango. Nikakutana na kijana mstaarabu, ana laptop, akanipa kiti. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia, "Bro, kazi yetu ni kuhakikisha pesa imefika kwenye kaya. Ikishafika, matumizi ni ya kaya yenyewe."

Nikamuuliza, kaya ni nani? Ni dada yangu, au ni shemeji yake?

Akasema ndiyo maana wanashauri familia ziongee pamoja.

Simlaumu sana, hana zizi wala hana polisi. Ila nilitamani aone kadi ya kliniki ya Matinde.

Kuna mkuu hapo chini ameuliza kwa nini dada asiondoke tu arudi Makoko na watoto. Swali zuri, nilimuuliza dada hivyohivyo siku ileile. Nilimwambia fungasha, pikipiki ipo, nyumba ya mama ipo.

Akaniambia, "Mimi nitaondoka. Ryoba na Matinde hawaondoki."

Mahari ililipwa, watoto ni wa mji. Hilo kule halijadiliwi. Nikawauliza wale wazee, njia gani ipo? Wakasema njia ipo, hatujafunga mlango. Rudisheni ng'ombe tuliolipa, kama walivyokuwa, tuongee.

Ng'ombe wale walikuwa injini. Na injini iko chini ya ziwa au kwenye mtumbwi wa mwizi, mimi sijui.

Nilirudi Bunda na dada akabaki. Mstari kwenye kadi ukaanza kushuka tena. Ameniambia kwamba kwenye mkutano wa walengwa waliambiwa wasimame waeleze ruzuku imewasaidiaje. Yeye akasimama akasema, nilianza na kuku, nikapata mbuzi, nikanunua ng'ombe. Watu wakapiga makofi mengi. Magabe alikuwa amekaa pale mbele, naye akapiga. Dada akakaa chini.

Sasa niwaambie ya juzi, ndiyo yaliyonifanya niandike.

Nilienda kumsalimia. Asubuhi nikamkuta anaosha chupa ya maji ya lita moja, Matinde amemshika kanga. Matinde amepungua lakini anatembea. Dada akaniambia, "Twende ukamuone Ruzuku."

Nikajua ananitania. Hakuwa anatania.

Tukatembea na Matinde mpaka kitongoji cha pili, kwa wakwe wa Magabe. Mama mwenye mji akatupokea vizuri, akanipa kigoda. Mama mchangamfu tu, hana ubaya wowote na sisi. Ruzuku alikuwa amefungwa kwenye mti. Aliposikia sauti ya dada akanyanyua kichwa, akalia.

Yule mama akasema, "Afadhali umekuja, mama Ryoba. Toka jana anatubania maziwa. Huyu ng'ombe bila wewe hatoagi kitu."

Dada akapokea ndoo. Akachuchumaa, akaweka paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, akaanza kumsemesha. Anamsemesha Kikwaya, wakuu. Kilugha chetu cha ziwani, maneno ambayo mama alikuwa anatusemesha sisi tukiumwa. Buswahili nzima ng'ombe anayesikia Kikwaya ni huyo mmoja.

Maziwa yakashuka. Ule mlio wa kwenye simu yangu, chwii, chwii. Ndoo ikajaa povu.

Dada akasimama, akamkabidhi yule mama ndoo. Yule mama akachukua kikombe, akampimia kwenye chupa yake. Dada akafungua fundo la kanga, akatoa pesa ya ruzuku, akalipa.

Yule mama akamwongezea kidogo juu. "Hiyo ya mkamuaji," akasema, akacheka. Dada naye akacheka, akashukuru.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kile kigoda. Nimezoea kuangalia moto wa kuchomelea, macho yangu ni magumu. Niliangalia chini.

Njiani nilikuwa napiga teke kila jiwe. Dada akanigeukia, "Acha kununa. Mtoto anakunywa." Akampa Matinde kifuniko cha chupa kimejaa, Matinde akanywa, akakirudisha ajaziwe tena.

Nikamuuliza, ruzuku ijayo utafanya nini? Akasema atanunua mbuzi jike, alale jikoni.

Nikasema vizuri, ataongezeka tena.

Akasema, "Wakifika watatu nauza wawili. Sitaki wawe wengi."

Ndilo somo alilolipata dada yangu kwenye ule mpango. Alikuwa anajua kutoka kwenye kipande cha sabuni mpaka kwenye mche mzima, kutoka kwenye kuku mpaka kwenye ng'ombe. Sasa amejifunza kusimama pale ambapo hakuna atakayemwona.

Mimi somo langu ni hili. Kumpa mama maskini pesa kunasaidia, mwenye kubisha aje nimwonyeshe godoro na bati. Pesa ile ilikuwa inamtoa kweli. Lakini kabla hajageuza pesa kuwa mali kubwa, muulizeni mali hiyo italala wapi na nani anashika ufunguo wa hapo inapolala. Sisi hatukuuliza. Tulikuwa watu wa maji tumesimama mnadani tunafurahia rangi ya ng'ombe.

Wanasheria mliomo humu, naomba mniambie kama mahakama ya mwanzo inaweza kumtambua ng'ombe mwenye alama ya ukoo mwingine, na kama dada anaweza kufungua kesi bila kupoteza watoto. Wafugaji nao semeni, hata kama mnaona Magabe yuko sahihi. Matusi nitayasoma pia, ngozi yangu imeshazoea cheche.

Ila naomba mtu asiniandikie tena kwamba dada aondoke na watoto wake. Mtakaosema hivyo, nitafutieni kwanza injini ya baba.